Mbwa Akiachwa kwa Docta: Nani Anawajibika Usiku?

Malalamiko huwa yanafanana. Mwenye mbwa amesafiri wiki mbili, Kinshasa au Johannesburg, na mbwa amemwacha katika kliniki ya wanyama kwa sababu pale kuna docta, kuna dawa na kuna lango linalofungwa. Anaporudi anamkuta amekonda, ngozi ya pua imechubuka, sauti imekauka kwa kubweka. Siku tatu baadaye mbwa anaanza kukohoa. “Docta, imbwa yangu alikonda sana, mulimufanya nini?” Jibu nalo linafanana: “Papa, alikatalaka kula.” Mmoja anaondoka akiamini kwamba mbwa wake alipigwa na kunyimwa chakula, mwingine anabaki akiamini kwamba ametukanwa bure. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli kadiri wanavyoijua, maana hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo saa nane za usiku.

Nimekuja kuamini kwamba kiini cha suala hili kiko katika saa hizo. Tunabishana kuhusu wema au ukatili wa daktari, wakati mbwa aliyeachwa klinikini hukaa na daktari kwa dakika chache tu kila siku. Muda wote uliobaki yuko mikononi mwa mtu ambaye hatumjui jina, hatujui analipwa nini, na hatukuwahi kumuuliza kama anajua mbwa mgonjwa anafananaje. Na mtu huyo mara nyingi hana hata daftari la kuandika alichokiona.

Tuanze na sababu za kliniki kugeuka nyumba ya wageni. Kwa desturi yetu hapa Lubumbashi, familia ikisafiri mbwa hubaki nyumbani na zamu, yaani mlinzi. Mbwa analinda uwanja, zamu anampikia bukari (ugali) na ndakala (dagaa), na maisha yanaendelea. Katika komini kama Katuba, Kenya na Kamalondo, mbwa wengi hawajui hata kizimba ni nini. Wanaijua avenyu yao, wanajua nyumba ipi hutupa mifupa, na mwenye mbwa akisafiri majirani hawaoni tofauti. Wanaopeleka mbwa kulala klinikini ni wachache: wenye nyumba za mitaa ya Golf na Bel-Air, wafanyakazi wa makampuni ya migodi wanaokuja na kuondoka, na familia ambazo zamu wao ameacha kazi wiki moja kabla ya safari. Kwa watu hao kliniki ndilo jina pekee wanaloliamini, kwa sababu huko ndiko mbwa alikochanjwa tangu mdogo. Daktari naye anakubali, maana ada ya kulaza mbwa mzima ni fedha ya uhakika katika mji ambao wateja wengi humleta mnyama akiwa karibu kufa, kisha wakaomba deni.

Ila kliniki ilijengwa kwa ajili ya wagonjwa. Vizimba vyake ni vidogo kwa makusudi, ili mgonjwa atulie na dripu isikatike. Sakafu ni ya saruji ili ioshwe kwa urahisi. Mbwa wa kilo 35 aliyezoea kuzunguka uwanja usiku kucha, akiwekwa humo siku 14, anajeruhiwa na mahali penyewe kabla ya mtu yeyote kumgusa. Anasukuma wavu kwa pua hadi ngozi inatoka. Anachimba saruji hadi kucha zinavunjika. Anapiga mkia ukutani hadi ncha inatoka damu. Mwezi wa Juni na Julai, Lubumbashi ikiwa juu kwenye mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, baridi ya alfajiri hupanda kutoka sakafuni hadi mifupani, na kizimba kilichooshwa jioni mbwa akiwa ndani hubaki na unyevu hadi asubuhi. Oktoba, kabla mvua haijaanza, paa la bati juu ya vizimba hufanya kinyume chake.

Kwa hiyo majeraha yanahitaji kusomwa kwa makini kabla ya kumshutumu mtu. Pua iliyochubuka, kucha zilizovunjika na sauti iliyokauka ni alama za hofu na upweke. Zinaonyesha kwamba mbwa hakutolewa nje vya kutosha, jambo ambalo ni kosa, lakini si kipigo. Michubuko ya duara shingoni ni ya kamba au mnyororo uliobana kwa siku nyingi. Vidonda vya meno masikioni na mabegani vinasema kwamba alichanganywa na mbwa wengine. Uvimbe mbavuni, kuchechemea, jicho lenye damu, kuinama chini kila mtu anaponyanyua mkono ilhali zamani hakuwa hivyo: haya ndiyo yanayodai maelezo ya mtu aliyekuwa na fimbo. Daktari mwingine asiye na uhusiano na kliniki ile anaweza kuyatofautisha siku ya kwanza. Baada ya wiki hawezi tena, kwa sababu michubuko imeanza kupona.

Kukonda kuna hesabu yake. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kukataa chakula siku moja au mbili katika mahali pageni na asidhurike. Akila bukari nyumbani kisha akapewa krokete ghafla, au kinyume chake, huenda akaharisha siku kadhaa na kupoteza uzito. Mbwa wa kilo 30 anayerudi na 29 hajatendewa uovu wowote. Anayerudi na 26 amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na hilo haliwezi kutokea bila mtu kuona sahani ikirudi imejaa siku baada ya siku. Swali hapo si kama alikataa kula. Swali ni nani aliona amekataa, alimwambia nani, na kwa nini simu haikupigwa baada ya saa 48. Kilo hizo nne haziwezi hata kujadiliwa kama mbwa hakupimwa siku aliyoingia, na katika ugomvi wa namna hii ninaousikia, kipimo hicho ndicho kitu cha kwanza kinachokosekana.

Kuhusu kikohozi, kalenda ni shahidi mzuri kuliko binadamu. Kikohozi cha kuambukizana vizimbani huonekana kati ya siku 2 na 14 baada ya mbwa kukipata. Pavo, inayotoa kuhara damu na kuua watoto wa mbwa kwa siku chache, hujitokeza kwa kawaida kati ya siku 3 na 7. Babesia inayoletwa na kupe, ile inayofanya mkojo kuwa mwekundu hadi kahawia, huchukua mara nyingi siku 10 hadi 21. Kwa hiyo mbwa aliyeingia Jumatatu na kuanza kuhara damu Jumanne alikuja na ugonjwa wake kutoka nyumbani. Aliyeanza siku ya sita huenda aliupata hapo hapo, labda kutoka kizimba cha jirani ambamo mgonjwa alikuwa ametapika. Kirusi cha pavo hukaa katika mazingira miezi mingi na sabuni ya kawaida haikiui. Maji ya javel hukiua, ila lazima kinyesi kioshwe kwanza na dawa iachwe ifanye kazi dakika kadhaa kabla ya kusuuzwa. Kazi hiyo ni rahisi kuieleza. Kuifanya kila siku, katika mji ambamo bomba hukauka bila taarifa, kunamtaka mtu aliyefundishwa na ndoo zilizojazwa mapema.

Kuna jambo moja ambalo wenye mbwa hawaulizi kabisa, nami nadhani ndilo zito kuliko yote. Mbwa akimng’ata mtu mjini, mara nyingi hupelekwa kwa daktari wa wanyama kuwekwa chini ya uangalizi. Shirika la Afya Duniani linataka siku 10; utaratibu wa Kifaransa, ambao madaktari wengi wa Kongo wamesomeshwa nao, ni siku 15 pamoja na vyeti vitatu. Ikiwa mbwa huyo ana kichaa, kirusi kiko katika mate yake katika siku hizo hizo za uangalizi. Yuko wapi wakati huo? Ikiwa kliniki ina safu moja ya vizimba, basi yuko ukuta mmoja na mbwa wa mtu aliyesafiri, na kijana mmoja anawalisha wote wawili kwa mikono mitupu. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu kesi zote za binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishaanza hakuna tiba ya kutegemea. Chanjo inayotolewa mapema baada ya kung’atwa, pamoja na kuosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, huokoa. Mlishaji wa vizimba anapaswa kuwa amechanjwa kabla ya kuanza kazi, na mwenye mbwa ana haki ya kuuliza jambo hilo, kwa ajili ya mbwa wake na kwa ajili ya kijana huyo.

Huyo kijana ndiye mtu muhimu kuliko wote katika makala haya. Kwa kawaida ni zamu wa lango. Kazi yake aliyoajiriwa ni kuzuia wezi. Mbwa aliongezewa baadaye, bila nyongeza ya mshahara. Umeme ukikatika hana taa. Hakupewa funguo za chumba cha dawa, na ni sawa, lakini pia hakupewa namba ya kumpigia daktari, au anayo na hana salio. Mbwa akianza kuvimba tumbo usiku, akijaribu kutapika bila kutoa kitu, hiyo ni dharura ya saa chache: tumbo limejipinda na bila upasuaji mbwa atakufa. Zamu asiyefundishwa anaona mbwa asiyetulia, anampigia kelele anyamaze, na asubuhi anakuta maiti. Je, huyo ni mkatili? Sioni. Aliachwa na jukumu ambalo hakuna aliyemwandaa kulibeba.

Usiku wenyewe wa Lubumbashi ni mgumu hata kwa walio na walinzi wengi. J.A.C.K., kituo kilichoanzishwa mjini mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau kuokoa sokwe waliokamatwa kutoka kwa wafanyabiashara haramu, kina uzoefu wa miaka mingi, wafanyakazi waliozoezwa na ushirikiano na taasisi ya serikali ya hifadhi, ICCN. Usiku wa kuamkia 9 Septemba 2022 watu waliingia wakachukua sokwe wachanga watatu, César, Hussein na Monga, kisha wakadai fidia. Kituo kilikataa kulipa, kwa hoja kwamba kulipa kungefundisha wengine kuiba. Sokwe analindwa na sheria ya 2014 ya uhifadhi wa mazingira na mikataba ya kimataifa, na bado alitolewa usingizini. Mbwa wa kizazi cha bei, aliyeachwa mahali ambapo lango linalindwa na mtu mmoja, analindwa na nini?

Kwa sheria, analindwa kama mali. Mwenye mbwa wa Lubumbashi anayetaka fidia ataangukia kwenye amri ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba na madeni, iliyotungwa wakati Kongo ni dola ya Mfalme Leopold II na ambayo bado ndiyo kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia. Kifungu cha 258 kinamtaka anayemsababishia mwenziwe hasara kwa kosa lake ailipe. Cha 261 kinamfanya mwenye mnyama, au anayemtumia, awajibike kwa madhara ambayo mnyama amefanya. Mbwa wako akimng’ata mlishaji wa vizimba, kifungu hicho kinaweza kukugeukia wewe uliyenyamaza kwamba ana tabia ya kung’ata. Halafu ziko kanuni za amana, za ukoo mmoja na zile za Ubelgiji na Ufaransa: anayepokea kitu cha mtu akitunze kama anavyotunza chake, na kama analipwa kwa kukitunza, kipimo kinakuwa kikali zaidi.

Kanuni ya amana naipenda. Inaendana na malezi yetu: amana hurudishwa jinsi ilivyopokewa. Lakini mahakama itauliza ilipokewa ikiwa na hali gani, na hapo ndipo kesi nyingi zingekufa kabla ya kuanza, kwa kukosa karatasi. Pia thamani ya mali ni bei yake. Mbwa wa avenyu aliyelinda nyumba miaka minane na kuwaamsha watoto pale wezi walipopanda ukuta, sokoni hana bei.

Nchi nyingine zimekwisha kusogea. Ufaransa mwaka 2015 iliandika katika sheria yake ya kiraia kwamba mnyama ni kiumbe chenye hisia. Ubelgiji, ambako vitabu vyetu vya sheria vilitoka, nayo imemtenganisha mnyama na vitu katika sheria yake mpya ya kiraia. Karibu zaidi, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tangu miaka ya 1960. Uingereza ilianza kutoa leseni kwa nyumba za kulaza mbwa mwaka 1963, na tangu 2018 halmashauri za mitaa za England hukagua na kuzipa nyota. Huko Massachusetts, Marekani, mwaka 2024 ilipitishwa sheria inayoitwa kwa jina la Ollie, mtoto wa mbwa aliyekufa mwaka 2020 kwa majeraha aliyoyapata katika nyumba ya kulaza mbwa. Sitaki tungoje sheria kama hiyo kutoka Kinshasa. Leseni bila mkaguzi anayelipwa ingekuwa karatasi nyingine ya kununuliwa dirishani, na daktari mwaminifu ndiye angeilipia zaidi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mazungumzo ya wenye kushiba, katika mji ambamo mama anahesabu vikombe vya unga. Hoja hiyo naiheshimu, na siikubali. Usalama wa mlishaji wa vizimba asiyechanjwa ni suala la mfanyakazi maskini kabla ya kuwa suala la mbwa tajiri. Kirusi kinachotoka katika kizimba kibaya hakiishii Golf. Mbwa akirudi nacho nyumbani kinavuka ukuta hadi avenyu, na wanaong’atwa zaidi na mbwa wa avenyu ni watoto.

Kinachowezekana kesho asubuhi, bila amri ya mtu yeyote, ni daftari. Siku ya kuingia mbwa apimwe uzito mbele ya mwenyewe, apigwe picha pande zote mbili na usoni, kitabu cha chanjo kionyeshwe. Chanjo ya kichaa iwe imetolewa si chini ya wiki tatu kabla, kwa sababu kinga huchukua muda kujengeka. Iandikwe anakula nini na saa ngapi, anatumia dawa gani, anaogopa nini, aliwahi kumng’ata nani. Iandikwe namba ya mtu aliyebaki mjini anayeweza kuamua na kulipa upasuaji usiku, kwa kuwa mwenye mbwa anaweza kuwa ndani ya ndege. Kisha kila siku mstari mmoja: alikula kiasi gani, choo kilikuwaje, alitolewa nje mara ngapi, na jina la aliyelala pale usiku. Dawa yoyote ya kumtuliza iandikwe pamoja na sababu. Asepromazini humfanya mbwa aonekane amelala huku hofu yake ikibaki, na hushusha shinikizo la damu. Kumpa mbwa dawa hiyo ili majirani wasisumbuliwe na kelele ni jambo ambalo mwenyewe angelikataa kama angeulizwa.

Mwenye mbwa naye ana deni lake. Anayemleta mbwa mwenye kupe, hajachanjwa, anadai bei ya chini kabisa, kisha anazima simu wiki mbili, ameshiriki katika lile litakalotokea. Na bei ya chini kabisa ina maana moja: hakuna mtu wa usiku. Ningependa kliniki ziseme wazi bei mbili, ya kulazwa pakiwa na mtu aliyefundishwa usiku kucha, na ya kulazwa pakiwa na zamu wa lango tu, ili mteja achague akijua anachonunua. Wapo wateja watakaochagua ya pili na kuipa kliniki haki ya kutolaumiwa kwa lile ambalo hawakulilipia.

Mji huu haukosi ujuzi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya wanyama, na wanafunzi wake wanahitaji usiku wa mazoezi kuliko wanavyohitaji kurasa za nukuu. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayelala klinikini kwa malipo ya haki, akiwa na kipimajoto na namba ya daktari, na zamu akibaki langoni kwake, ni suluhisho lililo umbali wa safari moja ya teksi.

Na mbwa akifa akiwa amelazwa, ugomvi wote unaweza kumalizwa na upasuaji wa maiti, ambao mwenye mbwa anapaswa kuuomba papo hapo, kwa daktari asiyehusika na kliniki ile, kabla ya mtu yeyote kwenda kuzika. Tumbo lililojipinda, wengu uliovimba kwa babesia, utumbo ulioharibiwa na pavo, ubavu uliovunjika: kila kimoja kina sura yake mezani, na hakuna anayeweza kukibishia. Kama kuna hata shaka ndogo ya kichaa, ubongo uchukuliwe na mtu aliyechanjwa, mwenye glavu na miwani, na wote walioguswa na mate wapelekwe hospitali bila kungoja majibu. Mwili uwekwe kwenye baridi, usigandishwe, maana barafu huharibu kile kinachotafutwa, na ufikishwe ndani ya siku hiyo hiyo. Sharti hilo liandikwe kwenye daftari siku ya kuingia, pamoja na nani atalipa, huku mbwa akiwa bado amesimama kando ya mizani.